Sebule ya Wapitao

Ndege haikuwa yetu. Ilikuwa ya Dar,
mvua ikaikataa huko, ikashushwa huku Mtwara
saa nane na robo mchana: watu mia na kumi,
na mimi mwenye chupa tano za chai.

Afisa uhamiaji akasema, hawa ni wa kupita.
Hawajafika. Wasivuke mlango wa kioo.
Nikawatazama, makoti mikononi,
wamekanyaga sakafu niliyoipiga deki asubuhi
na bado hawajafika.

Mmoja alinijia na kadi nyeusi, nyembamba kama ukucha.
"Dada, sebule ya abiria iko wapi?"
Nikamwambia, umo ndani yake.
Akacheka kidogo, kwa adabu, akidhani natania.
Afrika Kusini alikotoka, akanieleza,
alipewa kiti kinacholala, supu, bafu, taulo za moto;
na Maskati anakokwenda kuna vingine, kadi inafungua.
Na sisi tunacho chumba, nikasema, kina zulia na makochi,
hufunguliwa akija waziri.
Ufunguo anao Bwana Chilumba,
na Bwana Chilumba yuko msibani Newala.

Basi akakaa kwenye benchi la chuma,
lile lenye bolti iliyolegea, linalomwinamisha mtu upande.
Nikampa chai ya tangawizi na kisahani cha ming'oko.
Hakuuliza ni nini.
Alimenya kwa kucha, akatafuna taratibu,
akatema nyuzi kiganjani, akatafuta pa kuzitupa.
Hapo nikamwangalia upya.

"Mueda," akasema. "Mama yangu ni wa Mueda.
Miaka kumi na tisa napita juu yenu.
Nauona Ruvuma dirishani, mchanga mwingi, maji machache,
mara linakuja toroli la vinywaji,
nikigeuka, mto umeshapita."
Ana mama mdogo Mangamba. Alivushwa mtoto, wakati wa vita,
hakurudi. Hawajaonana. Picha tu, na sauti za simu.

Mangamba!
Pikipiki ni elfu mbili.
Afisa akatikisa kichwa: hana viza, hajafika.
Sikubishana naye. Nikampigia Hasani.

Mama Vestina alikuja na kanga ya kazini,
ametolewa kwenye kubangua, hakungoja kunawa,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda.
Akasimama nje ya kioo,
pale wanaposimama wenye kupokea wageni,
na mwanawe ndani, na kadi yake mfukoni.

Wakapigiana simu. Hatua mbili baina yao,
na sauti inakwenda mpaka mnarani ndipo irudi.
Kwanza salamu, ndefu, za kwao,
za waliokufa na za mashamba.
Halafu wakaishiwa.
Mama akaweka kiganja kwenye kioo.
Mtu angedhani ni huba; alikuwa anaziba jua amwone vizuri.
"Masikio ya baba yetu," akasema.
Nilimsikia bila simu.

Saa kumi na moja Dar ikafunguka.
Waliitwa kwa safu za viti, ya kwake ya mwanzo.
Mama alikuwa na korosho kwenye mfuko wa rambo,
nikaupokea, nikapita nao,
maana mimi huenda na kurudi mlango ule kutwa,
mtu wa chai haulizwi amefika lini.
Afisa aliutazama mfuko,
kisha akaitazama sana kalenda ukutani.

Chai yake ilibaki nusu kikombe. Sikuimwaga upesi.

Sasa kioo kina alama, vidole vitano na kiganja.
Bwana Chilumba amerudi kutoka msibani,
anauliza nani amechafua mlango wa serikali.
Abiria wa kupita, namjibu,
nashika kitambaa, natia sabuni,
nasugua kwa bidii
upande wa ndani.